Ulimi mweupe: kisa cha mama aliyeacha inhela ya brauni bila kutuambia

Mwenyewe ameniruhusu niandike hii, na tumesoma pamoja kabla niiweke. Umri, mtaa, miezi na mambo ya familia nimebadilisha kidogo. Kazi yake nimeiacha venye iko kwa sababu bila hiyo kisa hakishikiki, na hapa Kisumu wanawake wa hiyo kazi ni wengi, hutamjua. Mimi ni klinikal ofisa kwa kituo kidogo cha afya, watu wananiita tu daktari, na makosa mengi utakayosoma hapa ni yetu sisi tunaokaa upande wa faili, si yake.

Historia yake

Ako na miaka 30 na kitu. Pumu ilimuanza akiwa mtoto ushago, usiku kifua kinalia kama filimbi, wanampa chai ya tangawizi na kumkalisha wima hadi kukuche. Alipofika kama miaka 12 ikapotea na watu wakasema amepona. Alafu ikarudi akiwa ameolewa, akiwa na mimba ya pili. Hiyo si ajabu, pumu ya utotoni inaweza kunyamaza miaka mingi alafu irudi ukubwani, kwa hivyo mtu akiniambia "nilikuwa nayo lakini iliisha" mimi naandika kwa faili kwamba ako nayo.

Kazi yake ni kukaanga mgongo wazi. Kama hujui mgongo wazi ni nini, ni ule mfupa wa mbuta, samaki mkubwa wa ziwani, unaobaki viwanda vikishatoa minofu ya kupeleka ng'ambo, kichwa na uti na ile nyama kidogo imeshikilia. Anachukua asubuhi mapema, anawasha kuni, anakaanga kwa karai kubwa chini ya mabati, jioni anauza. Masaa 5 ama 6 kila siku isipokuwa Jumapili, moshi wa kuni na mvuke wa mafuta vyote vinamjia usoni. Hiyo kazi ndio imelipa karo ya watoto wake wote, na nasema hivyo mapema kwa sababu daktari mmoja aliwahi kumwambia aache kazi na hakurudi kwa huyo daktari tena.

Venye mambo yalienda

Alikuja kwetu mara ya kwanza mwezi wa pili. Alikuwa anaamka usiku mara 3 ama 4 kwa wiki akikohoa, na alikuwa anaishi na inhela ya bluu tu, hiyo salbutamol ambayo watu wanaiita Ventolin hata kama imetengenezwa na kampuni ingine. Tulimpuliza kwa kile kifaa cha kupima nguvu ya pumzi akatoa 210, na mwanamke wa kimo chake na umri wake tunatarajia karibu 400. Nikamwandikia inhela ya brauni, beclomethasone ya maikrogramu 100, avute mara 2 asubuhi na mara 2 jioni, kila siku, hata akiwa mzima. Bluu akae nayo ya dharura. Nilieleza kwa dakika kama 4 hivi, foleni ilikuwa ndefu nje, nikampa tarehe ya kurudi.

Mwezi wa tatu alirudi akiwa na furaha, analala usiku mzima. Nikaandika anaendelea vizuri.

Kile sikujua ni kwamba wiki kama 2 baada ya hiyo siku aliamka akajiangalia kwa kioo akaona ulimi una utando mweupe, na ndani ya mashavu pia, ukikwangua unatoka na chini kunauma. Sasa wewe msomaji kama umekulia huku kwetu unajua huo ulimi unasema nini kwa macho ya watu. Kisumu na kaunti za jirani ndio tumebeba mzigo mkubwa wa ukimwi Kenya tangu miaka ya 1990, kila mtu aliuguza mtu, na kila aliyeuguza anakumbuka utando mweupe mdomoni. Huyu mama alimuuguza dadake. Kwa hivyo hakuona kuvu, aliona kifo cha dadake ndani ya mdomo wake mwenyewe.

Hakumwambia mzee wake. Hakutuambia. Alipanda matatu akaenda kupimwa mji mwingine mahali hakuna mtu anamjua, wakamwambia hana virusi. Hakuamini, akapimwa tena baada ya miezi 3, bado hana. Alipohakikisha si ukimwi akatafuta kitu kingine kilichobadilika kwa maisha yake akapata kimoja tu, ile inhela ya brauni, kumbe hata alikuwa ashaiacha tangu ile wiki ya kwanza akiwa na hofu, na utando ulikuwa umepungua baada ya kuiacha. Kwake hesabu ikafunga: hiyo dawa ndio ilimharibu mdomo. Na ukweli ni kwamba hakukosea, hapo mwisho nitarudi.

Tangu hapo alirudi kwetu mara 2. Kila mara niliuliza "mama, unatumia dawa?" akajibu "natumia daktari." Na alikuwa anatumia. Bluu. Kila siku, mara nyingi. Mimi nikaandika kwa faili anatumia dawa vizuri.

Mwezi wa kumi, saa 9 usiku, mvua kubwa, mzee wake alimleta na bodaboda, amemshikilia katikati yake na dereva asianguke. Alikuwa anatoa neno moja moja. Oksijeni kwa damu asilimia 88, pumzi 34 kwa dakika, moyo 136. Sista wa zamu aliweka stethoskopu kifuani na kile kilichomtisha ni kwamba hakusikia filimbi. Kifua kilikuwa kimya. Watu hufikiria filimbi ndio mbaya, lakini mgonjwa wa pumu ambaye anahangaika na kifua hakilii maana yake hewa haipiti hata ya kutoa sauti, huyo yuko mlangoni kabisa.

Wakamuwekea oksijeni, salbutamol kwa nebulaiza, ile mashine ya kugeuza dawa kuwa mvuke wa kuvuta, pamoja na ipratropium, dawa ingine ya kufungua mirija, wakarudia kila dakika 20, prednisolone ya kumeza miligramu 40, na gari likaitwa. Alikaa wodini hospitali kubwa siku 4. Alirudi mzima.

Karatasi ya dawa

Wiki moja baadaye alikuja kwangu, safari hii tulimwambia aje na dawa zote alizonazo nyumbani hata chupa zilizoisha. Alileta mfuko wa karatasi. Ndani kulikuwa na inhela za bluu 9, tupu, na ya brauni 1, ile ile niliyompa mwezi wa pili.

Hapo ndipo nilishikwa na aibu ya kweli, kwa sababu hesabu ilikuwa hapo muda wote na hakuna mtu aliifanya. Chupa moja ya brauni ina mibonyezo 200. Ukivuta 2 asubuhi na 2 jioni ni 4 kwa siku, siku 50 imeisha. Mtu ambaye amekuwa akitumia kwa miezi 8 anafaa awe amemaliza 4 na yuko kwa ya 5. Yeye alikuwa na 1 na bado ilikuwa inatoa. Na ile ya bluu, chupa 9 mara 200 ni mibonyezo 1800 kwa siku kama 240, yaani 7 ama 8 kila siku ya Mungu. Miongozo ya GINA, hilo shirika la dunia la pumu, inasema chupa 3 za bluu kwa mwaka mzima tayari ni alama kwamba mtu ako kwa hatari ya shambulio, na chupa moja kila mwezi inahusishwa na hatari ya kufa. Huyu alizidi hapo na hakuna aliyemwambia, na duka la dawa pia walikuwa wanamuuzia tu.

Nikamwambia, "Mama, nionyeshe venye unavuta." Sikuwahi kumwambia hivyo kabla. Alifungua mdomo wazi kabisa, akaweka inhela kama inchi moja kutoka kwa meno, akabonyeza mara 2 mfululizo juu ya ulimi, alafu ndio akavuta pumzi, akameza mate. Dawa nyingi ilibaki mdomoni. Hakuna aliyemwambia asukutue maji.

Nikamuuliza kwa upole kama kuna kitu kilimfanya aache. Alinyamaza muda. Alafu akasema, "Daktari, ulimi wangu uligeuka kama wa dadangu." Nilihitaji dakika kadhaa kuelewa anasema nini.

Tuliamua nini na kwa nini

Kitu cha kwanza nilifanya ni kumwambia hakukosea. Ile dawa ni steroidi, yaani dawa ya kutuliza uvimbe, ikitua mdomoni na isioshwe inapunguza kinga ya hapo mahali na kuvu inapata nafasi ya kumea. Ni kuvu ile ile inayowapata wenye kinga ya chini, ndio maana inafanana, lakini kwake ilikuwa mdomoni tu, na kuna dawa ya kuiondoa, nystatin ya kusukutua inatosha wengi. Niliona mabega yake yakishuka. Miezi kama 7 alikuwa amebeba hiyo peke yake.

Kuhusu dawa gani, nilikuwa na chaguo 2. Tangu 2019 GINA hawapendekezi mtu mzima kutibiwa na bluu peke yake, na kile wanachopenda ni inhela moja yenye budesonide (steroidi) na formoterol (ya kufungua mirija) pamoja, unaitumia kila siku na pia ukibanwa. Ningependa kumpa hiyo. Lakini kwetu haikuwa inapatikana kila mwezi na bei yake dukani ingemshinda, na dawa nzuri inayopatikana mwezi huu na kukosekana mwezi ujao ndio inarudisha mtu kwa bluu. Kwa hivyo tukarudi kwa beclomethasone ile ile, dozi ile ile, ila sasa kwa spesa, ile chupa inakaa kati ya inhela na mdomo ndio dawa isigonge ulimi. Kuna mwenzangu alisema ningepandisha dozi kwa sababu ametoka wodini. Nilikataa, kwa sababu dawa haikuwa imeshindwa, ilikuwa inafika kidogo tu kwa mapafu, alafu akaiacha. Kupandisha dozi ya kitu kinachotua kwa ulimi ni kuongeza utando tu.

Spesa ya dukani ni pesa. Tulitengeneza ya chupa ya plastiki ya nusu lita, ile ya maji. Unapasha waya moto ukiwa umeukunja umbo la mdomo wa inhela, unatoboa kitako cha chupa, inhela inaingia ikibana kabisa, unaziba pembeni na selotepu, mdomo wa chupa ndio wako. Hii si kubahatisha, madaktari wa watoto Afrika Kusini waliijaribu miaka ya 1990 na ikafanya kazi vizuri. Iosheni na sabuni ya vyombo alafu muiache ikauke yenyewe bila kupanguza, ukipanguza plastiki inashika umeme na dawa inanata kwa ukuta wa chupa. Unatikisa inhela, unabonyeza mara 1, unavuta polepole ndani kabisa, unashikilia hadi 10, unatoa. Ndio unabonyeza ya pili.

Hofu yake ingine ilikuwa ile ya wengi, kwamba steroidi za kila siku zitamnenepesha uso na kumzoeza. Nilimfanyia hesabu kwa karatasi. Kwa siku anavuta maikrogramu 400. Kidonge cha usiku ule cha prednisolone, hiyo pia ni steroidi, kilikuwa miligramu 40, ambayo ni maikrogramu 40,000, mara 100 kwa uzito, na hiyo inazunguka mwili mzima. Inhela ndio inamkinga na vidonge. Na kuzoea hakuna, ukiacha unarudi tu kwa pumu uliyokuwa nayo.

Mahali pa kuweka inhela tulibishana kidogo, mimi nilitaka kando ya kitanda, yeye akasema la, itakaa na mswaki. Anavuta, alafu anapiga mswaki na kusukutua, anatema. Wazo lake lilikuwa bora kuliko langu, na sasa nampa kila mgonjwa.

Tulimwita pia mzee wake, baada ya kumuuliza yeye kama anataka. Alitaka. Nikaeleza mbele ya wote wawili huo utando ni nini na unatoka wapi. Mzee alisikiza alafu akasema aliuona wakati ule na yeye pia aliogopa kuuliza. Sitaongeza kitu hapo.

Kwa kazi hatukumwambia aache. Alisogeza karai kutoka chini ya mabati hadi ukingoni, anakaa upande upepo unatoka, na msichana wa ndugu yake ndio anawasha moto, kwa sababu kuwasha ndiko kunatoa moshi mzito zaidi.

Matokeo

Wiki 2 za kwanza hakuona tofauti kubwa na alinipigia simu akilalamika. Nilikuwa nimemwonya brauni haifanyi kazi kama bluu, bluu inafungua misuli kwa dakika chache, brauni inatuliza uvimbe ndani ya mirija polepole na inaweza kuchukua wiki kadhaa. Kufika mwezi wa pili tangu aanze spesa alikuwa anaamka usiku mara moja kwa wiki ama asiamke. Mwezi wa tatu alipuliza 350. Ulimi safi.

Mambo hayakuenda moja kwa moja lakini. Alienda matanga ushago akasahau brauni nyumbani, siku 9, usiku wote karibu na moto, siku ya 7 akaanza kukohoa saa 8 usiku. Safari hii alijua: nafuu ya bluu isipokaa masaa 4 ni kwenda hospitali, na hakungoja. Alipata vidonge vya prednisolone siku 5 akarudi. Sasa ana inhela ya pili imekaa kwa mkoba wa safari. Pia kuna mwezi kituo chetu kiliishiwa na beclomethasone kabisa na alilazimika kununua, na brauni ni ghali kuliko bluu, hilo siwezi kuficha. Alinunua kwa sababu alikuwa ashapiga hesabu ya siku 4 za wodi na mgongo wazi ulioharibika.

Ninavyokiona kisa hiki

Swali "unatumia dawa?" tumeliondoa kwa kituo chetu. Ni swali ambalo jibu lake ni ndio hata kwa mtu anayekaribia kufa, na si kwamba anadanganya. Badala yake tunasema leta chupa, tunasema nionyeshe, na tunaandika tarehe ya kuanza kwa chupa na maka peni, maana chupa nyingi hazina namba ya kuhesabu na kuitikisa hakukuambii kitu, gesi inaendelea kutoka hata dawa ikiwa imeisha.

Lakini kosa lililonikaa sana si la hesabu. Nilimpa mwanamke wa Kisumu dawa inayoweza kuleta utando mweupe mdomoni na sikumwonya. Kitabuni hiyo ni athari ndogo, mstari mmoja. Kwake ilikuwa habari ya kufa na ya ndoa. Sasa nasema siku ya kwanza kabisa, kabla hajashika inhela: ulimi ukiwa mweupe, mara nyingi ni hii dawa kukaa mdomoni, njoo tutaiondoa. Na namuuliza pia bila kuzunguka kama anatumia dawa za virusi vya ukimwi, kwa sababu zile zenye ritonavir zinagongana vibaya na baadhi ya inhela za steroidi kama budesonide na fluticasone, beclomethasone ndio salama zaidi kwa hao. Kuuliza kila mtu kunaondoa aibu kuliko kuuliza wale unaowashuku.

Kile kilifanya kazi kilikuwa rahisi. Spesa ilitatua mambo mawili kwa mpigo mmoja, dawa ikafika kifuani na ikaacha kukaa mdomoni. Dozi haikubadilika hata kidogo tangu siku ya kwanza alipokuja kwetu.

Kitu kilichobaki

Kuna hesabu moja bado haikufunga. Mwezi wa tatu tangu aanze spesa, akiwa vizuri, anatumia bluu labda mara 2 kwa wiki kulingana na kijitabu chake, lakini chupa aliyoandika tarehe iliisha ndani ya wiki 6. Mibonyezo 200 haiwezi kuisha hivyo. Nilifikiri tumerudi nyuma. Nikamuuliza, akaangalia chini, akasema msichana wake wa miaka 9 anakohoa usiku tangu mwaka jana na huwa anampa ya kwake, mara 2 mara 3, analala.

Kwa hivyo hata zile chupa 9 za kwenye karatasi hazikuwa zake zote. Niliandika 7 ama 8 kwa siku kwa faili lake na sehemu ya hizo ilikuwa ya mtoto ambaye hakuwa na faili popote. Nilimwambia alete mtoto Jumatano, aje na chupa yake ya maji ya nusu lita.